Muuza Mazishi wa Barking

Mgongo wa Aristide ulipokataa kuendelea kuwanyanyua vitandani wazee wa Kizungu katika nyumba ya kulelea wazee, alitafuta kazi nyepesi, akapata ya kuuza mazishi. Si majeneza, la. Jeneza lina aibu yake, linaonekana. Aristide aliuza ahadi: mtu analipa kidogo kidogo kila mwezi angali hai, na siku akifa kampuni inamzika. Zamani ahadi hiyo ilitolewa bure na jirani, lakini jirani hakuwa na tovuti.

Mkuu wake alikuwa Victor, kijana wa Kikenya mwenye viatu vya ncha, ambaye kila Jumatatu aliwakusanya mawakala katika chumba kimoja juu ya duka la simu, Kilburn, akawafundisha kushindwa. Ndiyo, kushindwa. Enzi zile mtu alishindwa bila kusomea. London ya leo kushindwa kuna mwalimu, ubao na kalamu za rangi.

"Kila hapana inakusongeza karibu na ndiyo!" Victor alipaza sauti, na watu wazima wakapiga makofi kama watoto wa chekechea.

Aristide alikuwa amekusanya hapana za kutosha kumfikisha mbinguni. Tangu Pasaka hakuwa ameuza hata kaburi moja.

"Bwana Aristide," Victor akamwambia wenzake walipotoka, "mimi nakupenda, lakini kampuni haikupendi. Mwezi huu uishe na sahihi moja. Moja tu! La sivyo, rudi kwa wale wazee wako."

Aristide akajishika kiuno. Daktari alishamwonya kwamba mgongo ule ukinyanyua mtu mzima mwingine, atakayenyanyuliwa baadaye ni yeye.

Sahihi moja. Alijua ya nani. Mama Josée wa Barking, kiongozi wa akina mama kanisani, mzaliwa wa Bukavu, mwenye masufuria makubwa kuliko ya kanisa lenyewe. Hakuna Mkongo aliyefiwa upande ule wa London ambaye wali wa matanga yake haukupikwa katika masufuria hayo. Yeye akitia sahihi, kanisa zima litafuata.

Basi jioni moja Aristide, ambaye Wakongo wenzake walimwita Baba Serge kwa jina la mwanawe aliyeko Uvira, akavaa suti nyeusi, akabana makaratasi kwapani, akaenda kubisha bila kupiga simu kwanza.

Mama Josée akafungua. Akaiona suti. Akauona uso. Akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Baba Serge, nani alikufa?"

"Hapana, mama, sikiliza kwanza..."

"Usinifiche! Ni kaka yangu wa Bukavu?" Na kabla hajajibiwa akaachia yowe lililowafungulisha majirani madirisha. Punde wamama wawili wakashuka mbio kutoka ghorofa ya juu, mmoja tayari analia, mwingine kabeba mfuko wa mchele.

"Nani alikufa?" wakauliza.

"Bado," akasema Aristide.

"Bado nani?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kwa ajili ya Mama Josée."

Yule wa mchele akaushusha mfuko chini polepole.

"Yaani," akasema Mama Josée, "umevaa suti ukakuja kuniambia kama anayefuata ni mimi?"

Jumapili mchungaji aliomba, macho ameyafumba lakini uso umemwelekea Aristide, dhidi ya roho ya mauti inayotembea na makaratasi. Kanisa likaitikia amina kwa nguvu ambazo halijapata kuzitumia kwenye sadaka.

"Safi sana!" Victor akafurahi aliposikia. "Watu wanakuzungumzia. Rudi!"

Akarudi, safari hii na shati la kijani. Mama Josée akasema naye kupitia kitundu cha barua mlangoni: "Shindwa!" Akarudi tena na mikate. Mikate ikapokelewa, mlango ukafungwa. Uvumilivu ndio huo. Zamani mtu wa namna hiyo aliitwa king'ang'anizi, akafunguliwa mbwa.

Mwezi ulikuwa ukingoni alipofariki Mzee Albert, msafisha treni, ambaye hakuwahi kukosa matanga ya mtu. Alipika, alibeba jeneza, alilala sakafuni na wafiwa.

"Nenda matangani!" akasema Victor. "Ukumbi mzima ni wateja!"

Ukumbi haukuwa mzima. Bukavu ya zamani mfiwa alilala na watu sebuleni mpaka akachoka nao. Hapa ukumbi ulikodishwa kwa saa mbili, na bawabu alisimama mlangoni akichezesha funguo. Wengi walituma rambirambi kwa simu, pamoja na kile kipicha cha mikono miwili iliyokutanishwa. Mikono ya picha haioshi sufuria. Waliofika walikula, wakatazama saa, wakakumbuka zamu zao.

Aristide alikuwa angali akitafuta wa kumpa vikaratasi vyake, Mama Josée alipomtokea kwa nyuma.

"Weka hayo makaratasi yako, shika sufuria."

Akashika. Wakasugua wawili jikoni, mgongo wake ukilia kuliko wafiwa.

"Alipikia kila mtu huyu," akasema Mama Josée bila kumtazama. "Umeona walikuja wangapi?"

"Watu wana kazi, mama."

"Ndiyo. Wako na kazi." Akasugua. "Na wewe, Baba Serge? Mke Uvira, mtoto Uvira. Ukifa hapa, nani atakulilia? Victor?"

Aristide akaendelea kusugua pale pale palipokwisha kung'aa.

"Vile umekonda, utatutangulia sisi wote. Na mimi sina tena nguvu ya kubeba masufuria yote haya. Leta ile karatasi."

Akajifutia maji kwenye suti, akatoa fomu na kalamu. Mama Josée akavaa miwani. Mahali pa mlipaji akatia sahihi yake. Mahali pa marehemu mtarajiwa akaandika, kwa herufi kubwa: ARISTIDE.

"Mama, hapo ni jina lako wewe..."

"Langu la nini? Mimi niko na watu. Wewe ndiye huna. Tutakulipia na wamama wa kanisa. Unataka sahihi ama hutaki?"

Aliitaka.

Jumatatu Victor akabandika picha ya Aristide ukutani na kumsimamisha mbele ya mawakala wapya. "Mtazameni! Alikataliwa, akakemewa kanisani, akarudi! Waambie, shujaa, ulimshindaje yule mama?"

"Nilivumilia," akasema Aristide, na watu wazima wakapiga makofi.

Jioni alikwenda Barking kumpelekea Mama Josée nakala yake. Akasitasita mlangoni. Muuzaji ni muuzaji.

"Na yako, mama? Tusiiandike?"

"Nilikuambia, mimi niko na watu. Plamedie!" akamwita bintiye, aliyejinyoosha kwenye kochi na vidude masikioni. "Kuja umsalimie Baba Serge."

Akamwita tena, kwa sauti. Kwenye kochi kikainuka kidole kimoja, na sauti ikasema kwa Kiingereza kwamba asubiri kidogo.

Mama Josée akakitazama kidole kile mpaka kikashuka.

"Rudi wiki ijayo na karatasi ingine," akasema. "Na usivae suti."