Kijiji cha Madamu na Kaburi la Mama

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, sitaki huruma yenu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kuna kijiji kimoja cha Uingereza ninachokijua kuliko chifu wake, kama wana chifu.

Nilikijulia Doha, katika nyumba ya mtaa wa Abu Hamour nilikofanya kazi. Madamu alikuwa Mwingereza aliyewahi kukaa Nairobi, akaondoka na Kiswahili cha jikoni. Alasiri mimi napiga pasi, yeye anasimulia kijiji hicho. Kanisa la mawe lenye mnara usio na ncha. Daraja la kupita mkokoteni mmoja. Kinu cha ngano kilichozungushwa na maji ya kijito. Zamani tauni iliua watu, waliobaki wakahamishia nyumba mlimani, kanisa likaachwa bondeni peke yake. Halafu tajiri mmoja akazungushia ua malisho ya wote, wenye kondoo wawili watatu wakafukuzwa. Hapo niliweka pasi kando nikamwambia tajiri huyo hata kwetu tunamjua. Akacheka.

"Basi sisi ni ndugu," akasema. Nami nikaamini.

Mwaka huo mama yangu alifariki, wakamzika nikiwa huko huko. Likizo yangu ya Desemba ilikuwa ya kwenda kusakafia kaburi lake kabla ya masika, na madamu nilimweleza kwamba kwetu kaburi la mzazi haliachwi hivi hivi. Madamu akanijia jikoni macho mekundu. Baba yake amelala kwenye ua wa kanisa lile, jiwe lake limeanguka, lazima aende Desemba hiyo hiyo. Sote wawili hatungeweza kuondoka, mabinti zake wangebaki na nani? Kwetu mtu hashindani na mwenzake juu ya kaburi la mzazi. Nikampa nafasi yangu.

Februari dada yake akaja kutembea. Nikampa chai, nikampa na pole ya baba. Akanishangaa. Baba yao yu hai, akasema, anakaa mji wa pwani na kila Alhamisi anacheza karata. Kule kijijini hawana mtu. Madamu alikwenda kuangalia nyumba ya kununua, ile ya kinuni.

Nilimngoja madamu mlangoni. "Nani amelala kule?"

Akatua mkoba. "Ungenipa likizo yako kwa ajili ya nyumba?"

"Nisingekupa."

"Ndiyo maana."

Kanisa lipo, daraja lipo, picha alinionyesha. Uongo ulikuwa kaburi moja tu, na uzito wa kaburi mimi ndiye niliyemfundisha.

Likizo yangu ilikuja mwezi wa saba, masika yameshapita. Kaburi la mama lilikuwa limetitia, kaka yangu amelipitishia jembe na kupanda mahindi, mpaka wake haujulikani. Niliyang'oa kwa mikono, yakiwa yameshabeba. Kisha nikawaita watu wote wa nyumba yangu nikawaagiza: mtu akiwaomba nafasi yenu kwa ajili ya kaburi, mwulizeni kwanza nani amelala humo, na awapigie simu jamaa zake mkiwa mmesimama hapo.