Leokadia na Gemu la Nzige

Usiponiamini, njoo Kasulu, ulizia fundi anayeshona magauni karibu na soko, nikuoneshe mkono wangu wa kushoto. Haya sikusimuliwa na mtu, wala sikuyaota. Ilikuwa mchana, nimekaa na kikombe cha chai mbele yangu, akili zangu timamu.

Kwanza ujue habari za mkono. Bodaboda iliniangusha njia ya Muyama, vidole vya kushoto vikasagika. Mifupa iliunga, lakini vidole vikagoma kukunjika. Sasa fundi cherehani asiyeweza kusukuma kitambaa kwa kushoto ni fundi gani? Wateja wakaanza kuhamia kwa jirani. Daktari akasema nifanye mazoezi, la sivyo vitakakamaa moja kwa moja. Ndipo shemeji yangu wa Dar akanitumia kigemu cha mkononi, kile chenye kioo kidogo na vitufe pande zote mbili. Ndani yake wamejaza magemu ya zamani, yale yaliyokuwa yanachezwa kwenye mashine kubwa za kusimama, za kutumbukiza sarafu.

Nikacheza. Moja likanikamata, gemu la nzige. Una chombo kidogo chini ya kioo, nzige wanashuka kutoka juu kwa makundi, unawakwepa na kuwapiga. Basi, hakuna kingine. Niamini, waliotengeneza kitu kile walikuwa na akili ya ajabu: kitu chepesi namna ile, mtoto anakielewa, na bado kinamtoa jasho mtu mzima. Mimi kilinitoa jasho kila siku hatua ya tatu, kwa sababu kidole gumba kinachoendesha chombo kilikuwa kigumu kama kipande cha kuni.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye Hiace naenda Kibondo kufuata vitambaa. Hatujafika, mkanda wa injini ukakatika. Kondakta akapanda boda kwenda kutafuta mkanda mwingine mjini, na hapohapo mvua ikaja. Mvua ya huku kwetu unaijua? Radi zinaitikiana mlima na mlima, mchana unageuka magharibi. Wenzangu walibaki garini. Mimi nikakimbilia mgahawa mdogo wa bati kando ya barabara, wa mama mmoja wa makamo anayeitwa Mama Yusta. Akaniwekea chai ya rangi na mhogo wa kuchemsha. Nikatoa kigemu changu, nikaanza.

Akaingia mwanamke kijana, amejifunga kitenge cha kijani. Katoka mvuani, na kitenge kilikuwa kikavu. Hilo nililiona, lakini ungefikiri nini wewe? Nikajiambia labda alikuwa chini ya baraza. Akanisalimu kwa Kiha, akakaa kwenye benchi ubavuni kwangu, akainamia kioo.

"Wameiminya," akasema. "Ilikuwa kubwa kama mlango."

"Kumbe gemu hili unalijua, dada?"

"Hata sauti yake imekonda. Lakini nzige ni walewale. Tazama, sasa watatoka kushoto wawili, halafu mmoja atawafuata nyuma."

Wakatoka kushoto wawili. Mmoja akawafuata.

Nikasikia birika likiwekwa chini kwa nguvu. Mama Yusta alikuwa amesimama anatuangalia, mkono kifuani. Hakupiga kelele. Alichukua kikombe kingine, akamimina chai, akakiweka mbele ya yule mwanamke.

"Kaka," akaniambia taratibu, "huyo ni dada yangu, Leokadia. Mvua ya radi ikinyesha huwa anakuja kukaa hapo. Miaka yote hajawahi kusema neno. Leo ndiyo namsikia."

"Siku nyingine anakaa wapi?" nikauliza, kama mjinga.

"Amelala nyuma ya hii migomba."

Nilitaka kukimbia, nakuapia. Lakini kwa mvua ile ningekimbilia wapi? Mama Yusta akanisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza karibu na mgonjwa. Pale tulipokaa palikuwa na banda la Leokadia. Mfanyabiashara mmoja Mkongo aliwahi kumuuzia mashine ya gemu, ikaendeshwa kwa jenereta. Watu walitoka mpaka Kakonko kuja kumtazama akicheza, maana hakukuwa na wa kumfikia. Siku moja radi zikaanza, yeye yuko katikati ya mchezo.

"Nilimwita, Leokadia, zima, toka! Akanijibu, subiri mdogo wangu, niko karibu na mwisho. Hapohapo radi ikapiga banda. Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo."

Leokadia wala hakumsikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Kaka," akaniambia, "niazime mikono. Yangu haibonyezi."

Nikamsogezea kigemu, bado nimekishika. Aliweka viganja vyake juu ya vyangu. Watu husema wafu ni baridi. Vile vilikuwa na moto kama pasi iliyotoka kwenye mkaa, na kile kidole gumba changu kilichokufa kikakunjika.

Sasa niambie, nitakuelezaje mchezo ule? Hatua ya tatu ilipita kama hatua ya mlangoni. Hakufukuza nzige, aliwangoja mahali wanapokuja kabla hawajajua kama wanakuja. Alikuwa akipenya katikati ya risasi mahali ambapo, ukiangalia wewe, hapapiti hata uzi. Hakuwa na haraka. Alikuwa anaimba kwa pumzi, taratibu, na vidole vyangu vikifuata wimbo wake. Nimeona mafundi wengi maishani, wa nguo na wa mbao. Sijawahi kuona mikono inayojua kazi yake namna ile. Hofu ikanitoka, nikabaki kushangilia kimoyomoyo: hapo, dada, hapo!

Mama Yusta alikuja akasimama nyuma yetu. Radi ilipiga karibu, mabati yakalia. Akafumba macho, lakini hakumwita dada yake.

Akaanguka nzige wa mwisho, mkubwa aliyejaza kioo kizima. Kioo kikawa cheusi. Leokadia akaacha kuimba. Tukangoja sote watatu.

Kisha chombo kile kidogo kikatokea tena chini, na nzige wa kwanza wakaanza kushuka, kama hatua ya kwanza, ila kwa kasi zaidi.

Leokadia akatazama, akatazama. Halafu akacheka. Kicheko cha mtu aliyefanyiwa utani na rafiki yake.

"Kumbe hakuna mwisho!" akasema. "Yusta, inaanza upya!"

Alinyanyua viganja vyake, akanywa chai yake yote, akatoka kupitia mlango wa nyuma, upande wa migomba. Mama Yusta alikaa palepale alipokuwa amekaa dada yake, akalia na kucheka kwa pamoja, mpaka gari likapiga honi.

Nimepita pale mara nyingi tangu siku ile. Mvua za radi zimenyesha, Leokadia hajarudi, na Mama Yusta anasema analala vizuri.

Mimi je? Vidole vyangu vinakunjika. Nashona kuliko zamani, na wateja wamerudi. Lakini mkono wa kushoto hauhisi tena moto wala baridi. Nikishona mikono ya gauni, huo wa kushoto unasukuma kitambaa unakotaka wenyewe, na kila mara unapatia. Radi ikiunguruma, kidole gumba huanza kubonyeza hewa. Mke wangu ananipenda, ila ukimgusa mkono ule anausogeza polepole, anauweka juu ya shuka.

Kwa hiyo wewe unayetembea na kigemu mfukoni, ukipita barabara ile mvua ikakukuta, cheza tu. Akija mtu kukuomba, mpe kigemu chako akae nacho mpaka aridhike. Ila akikuomba mikono, hata awe bingwa asiye na mfano, mwambie unaihitaji. Mimi nilirudishiwa yangu, na mpaka leo sijui huu wa kushoto nilirudishiwa wa nani.