Mito ya Magoti ya Mayu Holo

Sisi tuliokulia pande za Bariadi miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ilipoanza kumwagwa mnadani kama mahindi, tunaijua raha ya kufumua sweta. Ukishaipata ncha ya uzi pale kwapani, unavuta, na sweta zima linakukimbilia mkononi, mstari kwa mstari, mpaka linabaki shingo tupu. Mwenzako anazungushia uzi kwenye gunzi la hindi. Vidole vilinuka dawa ya mitumba, midomo ilijaa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na aliyemaliza sweta lake kwanza ndiye aliyeanza kucheza rede. Mtoto wa leo ukimwambia afumue sweta, anakuuliza limekukosea nini.

Masweta yale mama zetu waliyanunua kwa ajili ya magoti ya Mayu Holo.

Mayu Holo alikuwa bibi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kigango kizima alikifundisha kusali. Zamani sakafu ya kanisa letu ilikuwa ya udongo uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, laini, ukipiga magoti unadhani uko nyumbani. Kisha tukapata saruji. Tulishangilia sana, lakini saruji ile ilikwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na magoti ya Mayu Holo yakashindwa. Akaacha kuja. Nyimbo zikapoa, kila mtu akimsubiri mwenzake aanzishe.

"Aliyetufundisha sala anasali peke yake na kuku?" mama aliuliza. "Haiwezekani."

Basi wanawake wakaanza kukutana Jumamosi alasiri kwenye kibaraza cha kanisa, kushona mito ya kupigia magoti. Hakuna aliyewatuma wala aliyewalipa. Mama, aliyejifunza kudarizi kwa masista, aliwaonyesha namna ya kufuata matundu ya gunia la katani kwa sindano na nyuzi zile za masweta, uzi juu, uzi chini, mpaka gunia lote linafunikwa na rangi. Ndani walijaza pamba, na kuichambua mbegu ilikuwa kazi yetu watoto.

Hapo baba akanung'unika. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na magari yao, na wakulima walijiona wachumba.

"Watu wananigombea barabarani kwa pamba hii, nanyi mnaikalia!"

"Hatuikalii, Baba Minza," mama akamjibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Tunaipigia magoti."

Baba alicheka, akatuachia kikapu kizima.

Katekista Masanja, mtu wa haraka na mwenye mapenzi mema, ndiye aliyechora michoro kwa mkaa. Kila mto aliuchorea msalaba. Mayu Holo peke yake alikataa. Alikuwa ameletewa gunia lake nyumbani, akalishona mwenyewe, na alichokishona ni ng'ombe wake mwekundu mwenye baka jeupe usoni.

"Mayu," katekista alimwambia kwa upole, "ng'ombe kanisani?"

"Kwani Yesu alizaliwa wapi, mwanangu? Ofisini?"

"Lakini watu watasema unampigia magoti ndama wa dhahabu."

"Wa dhahabu yuko wapi? Huyu ni wa gunia na sweta."

Ikafika Jumapili ambayo padre alikuja kutoka mjini. Mito ilipangwa sakafuni, mizuri ajabu, na Mayu Holo akaingia kwa fimbo yake huku akinamama wakimpigia vigelegele. Misa ikaenda vizuri mpaka wakati wa kupiga magoti. Kila mtu akatazama chini, akauona msalaba, akasita. Nani aweke goti lake lenye vumbi juu ya msalaba wa Bwana? Mmoja akauokota mto wake, akaukumbatia, akapiga magoti kwenye saruji. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Punde kanisa zima lilikuwa limepiga magoti juu ya saruji, mito vifuani kama watoto wachanga. Mayu Holo pekee alitua juu ya mgongo wa ng'ombe wake na kufumba macho kwa raha.

Wakati wa matangazo padre akauliza kulikoni. Katekista akatazama bati. Baba ndiye aliyesimama: "Padre, tunaogopa kuukanyaga msalaba kwa magoti."

Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Zile Jumamosi zote, vidole vile vilivyotobolewa na sindano.

"Wangu hajalalamika," ikasikika sauti ya Mayu Holo.

Padre alianza kucheka yeye, kisha kanisa zima, kisha mama, akicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Alipopata pumzi, padre alisema misalaba ile ni mizuri mno kuwa chini. Wanawake wakaivua mito, wakaziunganisha zile foronya kuwa kitambaa kimoja kikubwa, kikatundikwa nyuma ya altare. Kisha masweta mengine yakafumuliwa. Safari hii kila mmoja alishona apendacho: kanga wa porini, pamba iliyopasuka, ghala la mtama. Baba, yule wa kunung'unika, aliomba ashonewe baiskeli yake, na ole wako akukute umepiga magoti juu yake. Sisi watoto tuliwahi misa ili tupate kanga. Siku hizi watoto wanawahi benchi lililo karibu na soketi ya kuchajia simu.

Mayu Holo aliongoza nyimbo miaka mingi baada ya hapo, na sauti yake ilitutangulia mpaka barabarani.

Kanisa sasa ni kubwa. Mabenchi yana ubao wa kupigia magoti wenye sponji iliyofunikwa kwa plastiki nyekundu, iliagizwa yote kwa pamoja, tulichanga kwa simu na hakuna aliyejichoma sindano. Magoti yangu, ambayo nayo yameanza maneno, yanashukuru. Krismasi iliyopita nilikuwa huko na binti yangu, akaniona nimeinama nachungulia chini.

"Mama, umeangusha kitu?"

"Hapana. Naangalia nimepata mto wa nani."

Akainama na yeye kuangalia. Palikuwa pekundu tupu, kutoka mwanzo wa benchi mpaka mwisho.