Kifaranga Ndani ya Redio

Fundi redio hakujua kuacha kitu nusu. Ukimpelekea redio iliyolegea skrubu moja, unarudishiwa imepanguswa, imekazwa kila mahali, na ameondoa kosa ambalo hata hukulijua. Mkewe alisema ukimpa mtoto mchanga amshike kidogo, atakurudishia ameshakatwa kucha.

Alikuwa akinunua redio za upepo, zile unazobonyeza kitufe ukitaka kusema, zilizotupwa stoo na kampuni za teksi baada ya madereva kuhamia kwenye simu. Anaziunganisha na kompyuta, anafuta masafa ya kampuni, anaweka masafa ya watu wa ridhaa, wale wenye vibali wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu. Katika mbili za mwanzo, moja alimpa kaka yake, nyingine akabaki nayo.

Ya kaka ilikuwa na kasoro. Enzi za teksi, dereva akiachia kitufe, redio ilitoa mlio mfupi wa kumtambulisha kwa ofisi, na fundi alisahau kuuondoa. Kila kaka alipomaliza kusema, twii! Wenzao hewani wakamwandama: "Mzee, mlishe huyo kifaranga wako." Fundi aliona haya, maana kazi ilikuwa yake.

"Mwache," kaka akasema. "Ananikumbusha kunyamaza."

Kisha kaka akapasuliwa koo, na sauti ikaenda moja kwa moja. Ndipo kifaranga akapata kazi. Kila jioni kabla ya kufunga duka, fundi alimwita kaka yake, naye akajibu kwa kitufe: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

"Kaka, umekula?"

Twii twii.

"Shemeji amekunyima?"

Twii. Fundi akacheka peke yake dukani, machozi yakimlengalenga.

Siku moja shemeji, mke wa kaka, alileta ile redio, kifundo cha kuongezea sauti kimelegea. Fundi alikikaza mara moja. Angeishia hapo. Lakini redio ilikuwa tayari mezani, mkono ukamwasha, akaiunganisha na kompyuta akague mipangilio. Akakuta ule mlio bado umewashwa, aibu yake ya miaka yote. Akauzima. Hakumfikiria mtu yeyote. Alifikiria kazi safi. Shemeji akaondoka nayo.

Jioni akaita. "Kaka, upo?"

Kimya. Mvua ilikuwa inapiga bati. Redio yake mwenyewe ilikuwa na taa ya kupokea, ile inayowaka mwenzako akibonyeza, iliyokufa siku nyingi, kwa kuwa fundi hana muda na vyake.

"Kaka?" Akaita tena, na tena. "Haya, umechoka. Lala, tutaongea kesho."

Asubuhi shemeji akapiga simu. Kaka hakuamka.

Baada ya maziko, watu walipopungua, shemeji alimvuta pembeni, kwenye chumba cha marehemu.

"Shemeji, mlikuwa mmekosana?"

"Na kaka? Hapana. Kwa nini?"

"Jioni ile ulikuwa unamwita, naye anabonyeza. Unamwita tena, anabonyeza. Hata ulipomwambia alale aliendelea kubonyeza. Akanitazama kama ananiuliza amekukosea nini."

Fundi akakaa kitandani kwa kaka yake.

"Ni mimi," akasema. "Niliuzima mlio. Hakuna aliyeniambia niuzime."

Shemeji hakumgombeza, na ingekuwa afadhali angemgombeza. Alichukua redio kando ya mto, akampa. "Urudishe ulivyokuwa. Kisha niletee."

Akaurudisha siku iyo hiyo, akampelekea, wala hakugusa kitu kingine.

Kesho yake jioni, saa za kufunga duka, alikaa mbele ya redio yake bila kuita. Amwite nani? Alikuwa anaunyoosha mkono aizime aliposikia.

Twii.

Alishika kipaza sauti, akabonyeza.

"Shemeji," akasema, "umekula?"

Twii twii.

"Hata mimi," akasema, akaachia kitufe.