Supu ya Alhamisi ya Dada Rejeanne

Simu ililia saa nne na robo asubuhi, Alhamisi, tarehe ishirini na tatu Januari. Nilikuwa nje nikigonga barafu kwenye mlango wa banda langu la ng'ombe, banda ambalo halina ng'ombe tangu miaka sita iliyopita. Bado nagonga ile barafu kila asubuhi, sijui kwa nini. Niliingia jikoni na viatu vyangu vya theluji, jambo ambalo marehemu mke wangu asingeliruhusu.

"Normand? Ni Winifred, wa kanisani. Kaa chini kwanza."

"Nimezoea kusimama. Sema."

"Ni dada yako. Tumemkuta kwenye kiti, hapa ukumbi wa chini wa kanisa, karibu na friza. Tulidhani anasinzia. Kipimajoto chake cha vyakula bado alikuwa nacho mkononi."

Nikamuuliza kama padri amefika. Akasema amefika, ameshampaka mafuta. Nikashukuru, nikaweka simu chini, nikageuka kutazama mlango. Nje ya ule mlango, kwenye ngazi, kulikuwa na bakuli la plastiki lenye kifuniko ambalo Rejeanne alikuwa ameliacha saa moja asubuhi ile. Nililiona gari lake likisimama. Nilimwona akishuka taratibu, akishika chuma cha ngazi, kwa kuwa kulikuwa na utelezi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sikutoka.

Naandika haya kwa sababu kanisani waliniomba niandike maisha yake kidogo, yawekwe kwenye ubao wa ukumbi wa chini. Nimejaribu kuandika mazuri yake tu, nikaona sitakuwa nimesema kweli.

Rejeanne Pouliot alikuwa wa kwanza kwetu, mimi wa tano na wa mwisho. Hakuolewa. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi jikoni mwa duka kubwa la vyakula pale mjini, upande wa kuku wa kuokwa na supu. Kila jioni, duka likikaribia kufungwa, kazi yake ya mwisho ilikuwa kutupa. Kuku, mikate, saladi, keki zenye ufa. Alivitia kwenye pipa kubwa nyuma ya duka, akavimwagia dawa ya kufulia nguo, kama alivyoagizwa, ili mtu asije akala akaugua akashtaki duka. Kisha alifunga pipa kwa kufuli.

Mkesha mmoja wa Krismasi alimwaga dawa ile juu ya kuku ishirini na sita, bado wana moto. Alipogeuka alimkuta mwalimu wetu wa zamani wa darasa la tatu amesimama na mfuko mtupu. Mwalimu akasema "Krismasi njema, Rejeanne," akaondoka. Dada alinisimulia haya jikoni kwangu, na hakulia, ila aliomba nimpe sabuni anawe mikono, akanawa mara mbili.

Kuanzia hapo alianza kuandika barua. Alikuwa mtu wa shule ya kawaida kama mimi, mwandiko wake ulilala upande, lakini aliandika. Bunge la jimbo letu lilipoanza kuzungumzia sheria ya mabaki ya chakula, alikwenda Montpelier, mji wa bunge hilo, akiwa amevaa koti la kanisani. Alipewa dakika tatu mbele ya kamati. Walisema watu wengi siku ile, wakulima, wenye maduka, watu wa taka. Sisemi sheria ilipita kwa ajili yake. Nasema alikuwepo, na alirudi na karatasi ya kamati yenye jina lake, ambayo aliibandika juu ya friji yake mpaka kufa kwake.

Sheria yenyewe ni ndefu, lakini yeye aliifupisha kwa maneno sita, akayasema kama mtu anayesali rozari: "Watu kwanza, nguruwe pili, udongo mwisho." Maana yake, chakula kizuri kilichobaki kiende kwanza kwa wanaohitaji kula. Kisichofaa watu, kipewe mifugo. Kisichofaa mifugo, kiwe mboji. Jalalani kisiende.

Meneja wa duka, aliyekuwa amemwonya mara mbili kuhusu barua zile, alimwita ofisini sheria ilipoanza kutumika.

"Rejeanne, wewe ndiye unayeyajua haya mambo. Tufundishe."

"Kwanza nipe ufunguo wa lile kufuli," dada akamjibu.

Aliutundika ule ufunguo jikoni kwake, chini ya msalaba.

Alipostaafu alihamia moja kwa moja kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kwenye ghala la chakula la parokia. Kila Alhamisi gari la duka lilileta kuku waliopozwa na kugandishwa, na yeye aliwapima joto mmoja mmoja, akaandika tarehe kwenye utepe wa karatasi, akabandika. Hakuwa mpole katika kazi ile. Wazee walipokataa kopo kwa kuwa tarehe yake imepita jana, aliwaambia, "Bibi, tarehe hiyo inazungumzia ladha. Hiyo si tarehe ya kufa kwako. Chukua." Nao walichukua, wakicheka.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Novemba, nilimpiga kulungu risasi. Tangu nilipouza ng'ombe sikuwa na kitu cha kumpa mtu yeyote. Nilimchuna mwenyewe bandani, nikamkata, nikafunga vipande kwenye karatasi nyeupe kama baba alivyotufundisha, nikavipeleka kanisani siku ya Alhamisi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilijiona mtu tena.

Dada akageuza kifurushi kimoja, akakitazama chini na juu.

"Muhuri wa mchinjaji uko wapi?"

"Mchinjaji ndiye mimi. Unanijua tangu kuzaliwa."

"Nakujua wewe, ila friza hii haikujui. Nyama ya porini ipitie kwa mchinjaji aliyekaguliwa. Peleka kwa yule wa barabara ya kiwandani, ndani ya wiki moja uilete, nitaipokea kwa mikono miwili."

"Baba alilisha nusu ya mji huu kwa kulungu wake."

"Baba hakuwa na mlaji kama Bibi Stoddard, mwenye figo moja. Normand, usinifanye nikukatalie mara mbili mbele za watu."

"Umeshanikatalia," nikasema. "Umekuwa polisi wa makombo, dada."

Watu wengine walicheka, na mimi nilidhani wananicheka mimi. Nikabeba nyama yangu. Kwenda kwa mchinjaji sikwenda. Niliilaza kwenye friza yangu mpaka ikakauka na kuwa ya kijivu, kisha nikaifukia. Kulungu mzima, jamani, akaenda udongoni kwa kiburi cha mtu mmoja.

Baada ya hapo kanisani tulipeana amani kwa vidole tu. Lakini Alhamisi ya pili yake niliikuta supu kwenye ngazi. Supu ya njegere za njano, ile ya mama yenye vipande vya nyama ya chumvi, kwenye bakuli la duka, na utepe wenye tarehe. Ilikuwa ya jikoni kwake mwenyewe, sheria haikuihusu, ila mkono wake ulishazoea kubandika tarehe. Sikuila. Nilisubiri aje aniombe radhi mbele ya watu, kama alivyonikatalia mbele ya watu. Ile supu nikampelekea jirani yangu Harlan Peaslee, mfugaji wa nguruwe. Na ya Alhamisi iliyofuata. Na zote, kwa miaka miwili. Mabakuli matupu niliyaacha kwenye ngazi, na yeye aliyachukua.

Harlan alinitania sana. "Nguruwe wangu wameshakuwa Wakatoliki, mzee. Ikifika Alhamisi wanasimama mlangoni wanasubiri baraka."

Siku ile dada alipofariki, lile bakuli lilikuwa limeshaganda jiwe pale nje. Utepe ulisomeka: 23 Januari. Tumia kabla ya 23 Aprili. Nikaliingiza kwenye friza. Sikuweza kula, na sikuweza kumpelekea Harlan.

Misa ya mazishi ilikuwa Jumatatu. Kanisa lilijaa, na kwenye ukumbi wa chini akina mama walileta vyakula vya kuoka kiasi kwamba meza zilipinda. Vilibaki vingi, na vyote vilipikwa majumbani, hakuna hata kimoja ambacho kanuni ziliruhusu kiingie ghalani. Nilimwona Winifred akisimama na trei la makaroni, akiitazama friza, halafu akikitazama kile kiti. Mwisho akasema kwa sauti, "Kila mtu aondoke na sahani mbili. Angekuwepo asingekubali mniachie." Watu waliondoka nazo.

Kuzika hatukuzika. Huku kwetu ardhi ya Januari haichimbiki, na makaburi yetu ya kilimani hayafikiki kwa mashine. Jeneza likawekwa kwenye chumba cha mawe pale langoni mwa makaburi, likae mpaka ardhi ilainike. Kila Jumapili baada ya Misa nilikwenda mlangoni pale kusali rozari, na mlango ulikuwa na kufuli. Nilimaliza Kwaresima yote hivyo, nikimwambia Mungu maneno ambayo nilipaswa kumwambia dada. Nyumbani sikuwa na wa kuzungumza naye. Alhamisi ndizo zilizokuwa ngumu. Saa moja asubuhi nilikuwa nasimama nyuma ya pazia, natazama ngazi.

Tarehe ishirini na tatu Aprili ikaja, ikapita. Bakuli lilikuwa bado kwenye friza. Nikaona nimeharibu hata hiyo ya mwisho.

Wiki iliyofuata Harlan alikuja kuazima jeki. Alisimama mlangoni, akikunja kofia yake.

"Kuna kitu sijakwambia, mzee. Dada yako alikuwa anajua."

"Anajua nini?"

"Supu inakwenda wapi. Alikuja kwangu mwenyewe, ile baridi ya kwanza. Nikadhani atanitukana. Akaniuliza tu, 'Harlan, wanaila?' Nikamwambia wanalamba mpaka plastiki. Akasema basi ataitoa ile nyama ya chumvi, kwa sababu kanuni haitaki nguruwe walishwe nyama, asije akaniingiza matatani."

"Na akaendelea kuleta."

"Nilimuuliza, mama, si uache tu? Akasema, 'Siku akiila yeye, atajua haina nyama, na atakuja kulalamika. Nasubiri hilo lalamiko.'"

Harlan alichukua jeki akaenda.

Maziko yalipangwa Ijumaa, tarehe tisa Mei. Asubuhi ile nilitoa bakuli friza, nikasimama nalo, nikasoma ule utepe, tarehe imepita siku kumi na sita. Nikamsikia akiwaambia wale wazee kwamba hiyo inazungumzia ladha. Nikaipasha moto polepole mpaka ikachemka, nikafanya ishara ya msalaba, nikaketi peke yangu. Kweli haikuwa na nyama. Chumvi ilikuwa pungufu pia. Sikuongeza. Niliila yote, nikafuta bakuli kwa mkate, nikaliosha, na njiani nikampa Winifred alirudishe kwenye rafu ya ghala.

Makaburini tulikuwa watu saba: padri, Winifred, Harlan aliyevaa tai, meneja wa zamani wa duka, wachimbaji wawili, na mimi. Upepo ulikuwa baridi lakini theluji ilikuwa imebaki kivulini tu. Walifungua mlango wa mawe, wakamtoa. Padri akabariki kaburi, akasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," nasi tukaitikia, "na mwanga wa milele umwangazie." Wakamshusha kwa kamba. Niliinama karibu na ukingo, nikamwambia, kwa sauti ndogo ili Harlan asisikie, "Dada, supu haina nyama." Nikatupa udongo mara tatu. Wengine wakafuata. Wachimbaji wakajaza mpaka juu, wakasawazisha kwa migongo ya makoleo, na saa tano kasorobo tukashuka kilima.