Namba Saba kwenye Orodha

Nilikuwa mwenyekiti mkali. Ukichelewa mkutano wa chama chetu ulikuta mlango umefungwa, na ukigonga nilikwambia urudi wiki ijayo. Chama chenyewe kilikuwa cha wanafunzi kumi na wawili wa historia ya sanaa, katika chuo kidogo chini ya Mlima Meru, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wakati kila uchochoro wa mjini Arusha ulipokuwa umeota duka la vinyago vya watalii. Nilikuwa nimechoka kukaa kwenye chumba chenye mapazia nikitazama slaidi za makanisa ya Ulaya. Niliwaambia wenzangu kwamba tukimaliza chuo bila kuandika hata kibuyu kimoja cha bibi zetu, itakuwa tumekula ugali wa chuo bure.

Ndipo tukaanza orodha. Kila Jumamosi tulikwenda vijiji vya magharibi ya mlima, upande ule mkavu wa vumbi, tukipitia kwanza kwa balozi wa nyumba kumi na barua niliyoisaini na kuigonga muhuri mwenyewe. Tuliomba kuona vitu vya zamani: vibuyu vya maziwa, vyombo vya ugoro, shanga, vigoda. Mimi nilichora, katibu aliandika. Kila kitu kilipewa namba, jina la mwenye nyumba, na maelekezo ya kufika. Pita kanisani, kata kushoto kwenye mashine ya kusaga, nyumba ya mlango wa bluu. Niliona aibu kuwa na orodha ambayo mtu hawezi kuifuata. Leo nikiyasoma maelekezo yale mwili unanisisimka, jinsi yalivyo mazuri.

Katibu alikuwa kijana mpole wa kule kule, mtoto wa watu wa mahindi na mbuzi, aliyejifunza Kiswahili shuleni baada ya Kimaa cha nyumbani. Mimi ni mtoto wa Sekei, wazazi wangu wafanyabiashara waliohamia mjini kutoka Kilimanjaro, na nilikuwa na ule ujuaji wa watoto wa mjini. Namba saba ilikuwa nyumbani kwa babu yake.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, cheusi, kimeng'aa kwa kukaliwa. Katika ukoo wao kila aliyekirithi alichonga alama moja upande wa chini, na kigoda kiligeuzwa siku moja tu, siku mwenyewe alipozikwa, ili mrithi aweke alama yake. Babu alikikalia alipobariki ndoa. Katibu alikuwa aoe baada ya mavuno, na baraka yake ingetolewa juu ya kigoda hicho, kama ilivyotolewa ya baba yake.

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba, binti yangu. Chora utakavyo. Ila usikigeuze. Mimi bado nipo."

Nyuma ya nyumba mbuzi alikuwa anazaa kwa shida. Babu na katibu wakatoka kumsaidia, nikabaki peke yangu na penseli. Nilisikia mbuzi akilia. Nikakigeuza. Alama zilikuwa tano, moja imefifia karibu kupotea, na nilizichora zote kwa haraka. Nilipokirudisha kwenye miguu yake, kilio cha mbuzi kilikuwa kimekoma. Alikufa na mtoto wake tumboni. Nilijiambia kwamba mbuzi hufa kila siku.

Wakati wa kupiga chapa, katibu aliuangalia mchoro ule kwa muda mrefu.

"Babu aliruhusu?"

"Aliruhusu," nikasema.

Tulidurufu nakala za kutosha za orodha na kuzigawa kabla ya maonyesho ya michoro yetu mwisho wa muhula. Bwana mmoja alikuja chuoni kuchukua yake. Alikuwa na shati lililonyooshwa vizuri na adabu nyingi, akasema anapenda sana urithi wetu. Aliifungua kwenye ukurasa wa namba saba.

"Hizi alama ni za kweli au umekisia?"

"Nimeziona kwa macho yangu," nikamjibu kwa maringo. Akachukua nakala ya pili, akaaga.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa ibadani, kibuyu cha namba moja kiliibwa. Jumapili ya pili ikaondoka namba mbili. Nilisema ni bahati mbaya. Ilipoondoka namba tatu sikusema kitu, na usiniulize kama nilijua. Nilijua. Nilianza kuichukia siku ya Jumapili. Nikisikia kengele ya kanisa asubuhi, chai inanishinda.

Baada ya namba nne katibu alinifuata maktaba. Alikuwa amekunja orodha yetu mkononi.

"Mwenyekiti, wanafuata hii. Twende tukawaambie watu wafiche vitu vyao."

Maonyesho yalikuwa yamebaki wiki mbili. Mgeni rasmi alishakubali. Tukikiri kwamba wezi wanatembea na kitabu chetu, chuo kingetufungia siku hiyo hiyo, na jina langu lingekuwa la kwanza kuitwa.

"Subiri maonyesho yapite," nilisema.

"Na babu?"

"Babu ni namba saba. Bado tuna muda."

Nilitamka maneno hayo kwa sauti ya kawaida kabisa. Katibu alizoea kunitii, akanitii.

Namba tano ikaenda. Maonyesho yalikuwa Jumamosi, na kwa kuwa wizi ulikuwa wa Jumapili, katibu hakuona hatari kumleta babu yake mjini aone kigoda chao kimechorwa. Alimleta na nyumba nzima. Sikujua kama wanakuja. Nilipomwona mzee mlangoni, amevaa koti juu ya shuka la lubega, fimbo mkononi, mchoro wa namba saba ulikuwa ukutani nyuma yangu, mkubwa kuliko yote, miguu mitatu ikitazama juu.

Nilimwamkia. Hakuitikia. Alisogea ukutani na kuhesabu alama kwa kidole bila kuigusa karatasi, na kwenye ile ya tano, iliyo safi, kidole kikasimama. Ilikuwa yake. Aliichonga siku waliyomzika baba yake.

"Ulikigeuza lini?" aliniuliza.

"Siku ile mbuzi alipokuwa anazaa, babu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa mwishowe kwa nini mbuzi wake alikufa.

"Siku ile mimi nilikuwa bado hai," alisema.

Katibu alikuwa amesimama pembeni yetu. Alinitazama mara moja, akamshika babu yake mkono, wakaondoka kabla mgeni rasmi hajafika. Walipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi na kigoda hakipo. Wezi hawakuwa na nidhamu yangu. Kutoka namba tano walikwenda moja kwa moja saba, na tarehe ya maonyesho walikuwa nayo, niliiweka kwenye jalada la mbele.

Sikualikwa harusini. Nilikwenda hata hivyo, nikasimama nyuma pamoja na majirani. Ulipofika wakati wa baraka mtu alimletea babu kiti cha plastiki, akakisukuma pembeni kwa fimbo. Alibariki akiwa amesimama, mkono mmoja kichwani pa mjukuu wake, miguu ikimtetemeka mpaka wanaume wawili wakamshika kwapani. Baraka ilikuwa ndefu na hakuikatisha. Alipomaliza aliinua macho, akaniona, akanitazama muda wote waliokuwa wakimtafutia mahali pa kukaa.