Mgeni Chini ya Kizibao

Baba yangu alikuwa fundi wa kanzu hapa Bagamoyo. Waliovaa kazi yake walisema kanzu ya fundi yule humfanya mtu mfupi asahau ufupi wake. Mimi ndiye mwanawe aliyepelekwa chuo kikuu, kule Uganda, na kila likizo nilirudi na maswali mengi kuliko nguo. Niliuliza kwa nini kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, liponye homa, kwa nini Mwingereza atutawale, kwa nini tunywe chai ya moto katika jua hili. Baba alijibu machache. Mengine aliyapitishia pasi na kuendelea na kazi.

Likizo moja nilimkuta amekonda. Kiuno kilimuuma hata kuinuka kwenye cherehani ikawa taabu, na haja ndogo ilimtoka kwa shida. Nilimpeleka Dar es Salaam. Daktari, Mwingereza mwenye haraka, alimpima kisha akanieleza kwa Kiingereza, baba akitutazama midomo. Tezi iliyo chini ya kibofu ina saratani, na saratani imekwisha kufika mifupani. Ziko njia mbili: kumhasi, au kumpa vidonge vidogo vyeupe vyenye nguvu ya kike, avimeze kila siku. Ugonjwa huu, alisema, hula nguvu za kiume; ukinyimwa chakula husinzia. Hauponi, husinzia tu. Akaniambia pia nisimchoshe mzee kwa maelezo, maana hatayaelewa.

Nilimuuliza: kama atakayemeza ni yeye, mbona anayeelezwa ni mimi? Akaita mgonjwa mwingine.

Tulipofika nyumbani nilimweleza baba yote.

"Dawa ya kike?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Itanifanya nini?"

"Kifua kitavimba. Ndevu zitapungua. Utashikwa na joto la ghafla. Na..." Nikakwama.

"Na la chumbani," akamalizia. "Sema, mwanangu. Nimekusomesha ili useme."

"Na la chumbani."

Alikuwa ameshika kipande cha bafta. Akakikunja taratibu mpaka kikawa kidogo kama kitambaa cha mkononi. "Kuhasiwa kama beberu, hapana," akasema. "Lete hivyo vidonge."

Dawa ilifanya kazi. Hilo nitalisema hata mbele ya wanaodhani nawapenda Wazungu. Maumivu ya mifupa yalipungua, usingizi ukarudi, na asubuhi moja baba alitoka kwa miguu kwenda Kaole kumwona dada yake, akarudi ameshika muwa. Mama alilia kwa furaha, akasingizia vitunguu.

Kisha dawa ikaanza kudai ushuru wake. Kwanza kichefuchefu, mama akamtengenezea uji mwepesi wenye tangawizi, ale kabla ya kumeza. Halafu miguu ikamvimba. Akaacha kukanyaga cherehani mchana kutwa, akawa anafanya darizi kwa mkono, ameiweka miguu juu ya kigoda. Joto ndilo lililokuwa na ufidhuli zaidi. Lilimjia bila hodi, likaanzia kifuani na kupanda shingoni hadi utosini; uso ukamwiva, jasho likamchuruzika, kisha likamwachia baridi. Baba akalipa jina. "Mgeni kaja," alikuwa akisema, na mama akaacha lolote alilokuwa akifanya, akachukua kipepeo cha ukili na kumpepea mpaka mgeni aage. Nilimshauri baba atazame ni vitu gani vinamwita. Tukagundua kuwa chai ya moto na pilipili humwita upesi sana. Baba akaanza kunywa chai iliyopoa, naye akaniambia kwamba hatimaye swali langu moja limepata jibu.

Ya chumbani sikuuliza, na kwa mtu aulizaye kila kitu, hilo ni jambo. Ila siku moja nikiwa uani nilimsikia mama akimwambia: "Bwana wee, tumezaa, tumelea, tumezika. Sasa tuzungumze. Miaka yote hiyo ulikuwa hunisikilizi." Nikamsikia baba akicheka.

Kilichomshinda ni kifua. Kilivimba kweli, kikawa na chuchu zinazouma hata zikiguswa na nguo. Mama alimfunga kanga iliyochakaa, laini, lakini ilionekana chini ya kanzu. Ndipo baba akajishonea kizibao: kitambaa kizito cheusi, bitana ya amerikani, na pamba iliyopangwa mabegani hata kifua kikapotea kati ya mabega. Ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa. Wateja wawili walidhani ni mtindo mpya kutoka Unguja, wakaagiza vya kwao vyenye pamba vilevile. Baba aliwashonea bila kutabasamu.

Lakini nani anavaa kizibao chenye pamba Bagamoyo, mchana? Kilichoficha kifua ndicho kilichomwita mgeni. Baba akaanza kukaa ndani. Alipunguza kwenda msikitini, na alimkwepa mtu mmoja kuliko wote: mtani wake.

Sisi ni Wazaramo. Watani wetu ni Wanyamwezi, tangu enzi za misafara ya kutoka bara, na mtani wa baba alikuwa Mnyamwezi mzee, muuza mkaa, ambaye babu yake alifika pwani na pembe begani. Mtani hana mpaka. Anaweza kukuvua kofia msibani, kukutukana harusini, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Mimi niliuona utani kuwa ni upuuzi wa kale. Baba aliuogopa. Alimwamuru mama anunue mkaa kwa mtu mwingine, na hapo ndipo kosa lilipokuwa, maana mji mzima ulijua anunuaye kwa mtani wake haachi bila sababu. Minong'ono ikaanza. Wengine walisema fundi karogwa na mteja aliyeharibiwa kanzu. Wengine walisema ana jini la kike.

Karibu na Maulidi ya Mfungo Sita, nikiwa nimerudi tena likizo, baba aliniita chumbani kwake. Kichupa cha vidonge kilikuwa mkononi.

"Nitamaliza Maulidi," akasema, "kisha hivi nitavitupa baharini."

"Maumivu yatarudi, baba. Na yakirudi hayatakaa."

"Najua."

"Utakufa."

"Nitakufa mwanamume."

Nilimpa hoja zote nilizokuwa nazo. Nilimuuliza uanaume ni kitu gani kama unakaa kifuani. Nilimuuliza iwapo aliyemsomesha mwanawe kwa sindano si mwanamume. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maswali mazuri." Akakiweka kichupa mfukoni.

Maulidi yalisomwa uani mwa msikiti. Watu walijaa bega kwa bega, udi umetanda, upepo hakuna. Baba alikuwa safu ya mbele pamoja na wazee wenzake, amevaa kanzu ya melimeli, ile nyepesi kuliko zote, na juu yake kizibao. Mimi nilikuwa nyuma yake. Ulipofika wakati wa kisimamo, sote tukasimama, sauti zikapanda, marashi yakaanza kunyunyizwa. Hapo mtu haketi, wala hatoki.

Nikaona shingo yake inageuka rangi. Jasho likashuka nyuma ya masikio. Akayumba. Nikanyoosha mkono nimshike, na kwa sauti ambayo hata walio pembeni waliisikia, akasema, "Mgeni kaja."

Kisha akafungua vifungo vya kizibao, akakivua, akanipa mimi. Melimeli ilikuwa imelowa, imegandamana naye. Hapakuwa na cha kuficha. Akakaza miguu, akainua kichwa, akaendelea kuitikia pamoja na wengine mpaka kisimamo kikaisha. Niliona macho yakimgeukia, moja baada ya jingine. Hakuinamisha uso. Sijapata kuona mtu amesimama wima namna ile.

Yakaja masinia ya pilau. Watu wakaketi makundi makundi, lakini sinia la baba likabaki na mimi na yeye tu. Si kwamba walimchukia. Hawakujua waanzie wapi. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko tusi.

Ndipo muuza mkaa akaja, amejikokota kutoka upande wa pili, akasimama mbele yetu.

"Nipisheni," akasema kwa sauti ya mnadani. "Nataka kukaa karibu na mama."

Baba akamtazama kutoka chini, kwa muda, kama anayepima kitambaa.

"Njoo, mwana wa mpagazi," akamjibu. "Lakini utanyonya kwanza ndipo ule. Nyama ya watu wazima itakukaba."

Ua mzima ulilipuka. Mzee mmoja alipaliwa hata akapigwa mgongoni. Muuza mkaa aliketi akajitwalia pande kubwa la nyama kutoka upande wa baba, akasema, "Mzaramo wewe, ulihama mkaa wangu kwa ajili ya haya? Mimi nilidhani umenunua gesi ya Wazungu!"

"Nilikuonea huruma. Ungeyaona ungelia kwa njaa."

Wakacheka tena, na sasa watu walikuwa wanasogea, mmoja na sahani yake, mwingine na birika la kunawia. Baba akanawa, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya kushona: "Nina ugonjwa chini ya kibofu. Ulikuwa umefika mifupani. Nameza dawa, nayo hunipa haya. Inaniweka hai. Anayetaka kusema jini, aseme mbele yangu tule naye."

Hakuna aliyesema jini.

Mpaka leo sikubali kwamba utani ni hekima. Mara nyingi ni ukatili unaocheka, na bado nauliza kwa nini mtu ahitaji kutukanwa ndipo aachwe aishi. Nimemuuliza baba. Alisema hakumngoja mtani. Alivua kizibao kabla mtani hajafungua mdomo. Hilo ni kweli, nami nililiona kwa macho yangu, nikiwa nimeshika kizibao chenyewe, kizito, kimelowa jasho lake. Nimesoma na wana wa machifu, na sijaona bado wa kumlinganisha naye.

Asubuhi yake alifungua duka mapema. Aliketi barazani na kanzu tupu, akanywa uji wake, akatoa kichupa mfukoni na kumeza kidonge mbele ya wapita njia. Mama alimnunulia mkaa kwa mtani, akapunjwa kama kawaida.

Kabla ya adhuhuri alikuja mtu wa makamo, jirani wa msikitini, akasema anataka kupimwa kanzu. Baba akachukua futi, akampima mabega, akampima urefu. Alipokuwa anampima kifua, yule mtu akainama karibu na sikio lake.

"Fundi," akanong'ona, "hayo ya haja ndogo... yalikuanza vipi?"

Baba aliiacha futi ikining'inia shingoni mwa mteja, akamwonyesha kigoda.

"Kaa," akamwambia. "Na usinong'one. Kanzu utaichukua tukirudi kutoka Dar es Salaam, kwa daktari."